Karo Ni Malipo ya Kutoona

Siku hizi naambiwa "subira" mara nyingi kuliko ninavyoitwa kwa jina langu. Nikitoka kununua maziwa, jirani ananitazama kuanzia kandambili mpaka ndevu, anatikisa kichwa: "Subira, baba. Subira yavuta heri." Mjomba akipiga simu kutoka Lamu, hata salamu hazijaisha: "Subira tu, mwanangu, ndiyo ufunguo wa faraja." Na baada ya swala ya Ijumaa kuna mzee mmoja hunishika mkono asiuachie, akaniinamia sikioni: "Subira ni nusu ya imani." Nikamuuliza nusu ya pili inapatikana wapi. Akacheka, akaenda zake kula pilau.

Swali langu ni moja. Hawa wagawaji wa subira huwa wapi saa nne asubuhi? Maana ni hapo inapotakiwa. Saa nne asubuhi mtoto wa miaka saba amelala kifudifudi juu ya meza, penseli imeelekea puani, na sote wawili tunatafuta jibu la swali ambalo jana alilijibu huku anaruka kamba. Saa hiyo hapiti mtu. Jirani yuko sokoni, mjomba yuko baharini, mzee wa msikitini amejilaza. Wote hujitokeza jioni, mambo yakishapoa, wakiwa na subira tele ya kugawa, kwa sababu mchana kutwa hakuna hata mmoja aliyeigusa.

Nimweleze asiyejua. Watoto wangu hawaendi shule. Tunasomea nyumbani, hapa hapa Kisauni, kwenye meza ya kulia chakula, na mwalimu ni mimi. Mama watoto aliamua, mimi nikaafiki. Hiyo ndiyo katiba ya nyumba yetu. Mambo yalianza Machi 2020, shule zote nchini zilipofungwa kwa sababu ya korona. Mkubwa alikuwa chekechea. Shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2021, na katikati ya hapo mama watoto, ambaye ni muuguzi na haoni mzaha katika usingizi wa mtu, akagundua kwamba mtoto anayelala mpaka saa moja hanuni. Kabla ya hapo gari la shule lilikuwa likimchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anapakiwa amelala, anarudishwa amelala, na sisi tunaambiwa ameelimika. Mama watoto akanigeukia: "Wewe si uko nyumbani?"

Enyi mnaofanyia kazi nyumbani, jihadharini na swali hilo. Mimi ni mfasiri. Nafasiri mikataba, vyeti vya ndoa, maelezo ya dawa na barua za watu wanaodaiana. Lakini kwa macho ya dunia, mwanamume aliyekaa mbele ya kompyuta amejifunga kikoi hana kazi, ila anasubiri kupewa. Nikapewa. Alipofika umri Mdogo naye, hakuna aliyeniuliza. Nilikuta tu amekaa mezani na daftari jipya, ananitazama.

Hapo ndipo nilipoijua siri ambayo wazazi wenzangu hawajaijua. Karo si malipo ya kufundishiwa mtoto. Karo ni malipo ya kutoona. Unatoa pesa, mtoto anatoweka tangu alfajiri hadi jioni, na mwisho wa muhula unaletewa karatasi imeandikwa kwamba amefikia matarajio. Amefikaje? Alipita wapi? Alianguka mara ngapi njiani? Hujui, na ulilipa usijue. Mzazi anayelipa karo huletewa embe bivu kwenye sahani. Mimi nimekalishwa chini ya mwembe, na mwembe wenyewe ndiyo kwanza unachanua.

Maana kujifunza, ukikutazama kwa macho, hakuonekani. Jumatatu mtoto anasoma ba, be, bi, bo, bu mpaka majirani wanaitikia. Jumanne anaikodolea macho ile ile "be" na kuniuliza huyu ni nani. Jumatano "be" amerudi lakini "ba" amehama. Alhamisi wote wapo nyumbani, ila mwenyewe hataki kuwataja kwa sababu ana njaa. Ijumaa ni Ijumaa. Usidhani shuleni mambo ni tofauti. Ni yale yale, mara arubaini, isipokuwa anayeyaona ni mwalimu peke yake. Na ndiyo maana ukimkuta jioni kwenye kituo cha matatu amenyamaza vile, usimsemeshe.

Jioni mama watoto hurudi kazini na sare yake nyeupe, akavua viatu, akaketi, na ukaguzi ukaanza. "Leo mmefika wapi?" Mtaala wetu wa umilisi una viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa mbali na matarajio. Vimewekwa kwa ajili ya mwanafunzi. Nyumbani kwetu anayepimwa ni mimi, na tangu tuanze sijavuka kukaribia.

Nitoe mfano wa kazi yenyewe. Hamsini na mbili kutoa ishirini na saba. Nimeiandika ubaoni (ubao wetu ni mlango wa kabati la nguo uliopakwa rangi nyeusi) na nikaanza kwa ile sauti ya upole ambayo walimu huitoa mkaguzi akiwa dirishani.

"Mbili kutoa saba, inawezekana?"

"Inawezekana," akasema Mdogo.

"Haiwezekani. Mbili ni ndogo."

"Ni ndogo, lakini inaweza kujaribu."

"Haiwezi. Sasa itafanyaje? Itakwenda kwa jirani yake, tano, ikope."

Akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hesabu ilikuwa na kisa ndani yake. "Ikope ngapi?"

"Moja. Lakini ikifika huku inakuwa kumi."

"Tano ametoa moja, huyu amepata kumi?"

"Ndiyo."

"Halafu atalipa ngapi?"

"Halipi."

"Halipi?"

"Kwenye hesabu hii hakuna kulipa. Tunaendelea tu. Kumi na mbili kutoa saba..."

Lakini hatukuendelea. Ng'ambo ya meza Mkubwa, aliyekuwa anaandika insha kuhusu umuhimu wa miti, alikuwa ameweka kalamu chini. "Baba," akasema kwa adabu zote, "na wewe kule dukani ulikopa kwa hesabu hii?"

Nikatangaza mapumziko.

Halafu kuna suala la ruhusa. Kila mtoto amezaliwa na kibofu kinachojua ratiba. Wakati wa hadithi kiko kikavu. Wakati wa kuchora hakisikiki. Andika "hesabu" ubaoni, hata hujamalizia "bu": "Baba, naomba ruhusa niende chooni." Utamkatalia? Choo chenyewe kiko hatua chache kutoka mezani, lakini njia yake hupitia jikoni kuangalia kilichobaki chini ya kawa, kisha kwa paka, kisha kwenye dirisha la mbele kuona nani anagombana na dereva wa tuktuk. Anaporudi, mwenziwe naye ameshikwa. Nimewahi kukaa darasani peke yangu, chaki mkononi, nikisubiri wanafunzi warejee kutoka msafara wa chooni, na simu ikilia mteja anataka cheti chake cha ndoa.

Mama watoto alipoona hali yangu, akaniletea mabingwa. Wa kwanza alikuwa Bi Charlotte Mason, Mwingereza aliyezaliwa 1842. Kitabu chake cha kwanza cha elimu ya nyumbani kilitoka 1886, na mpaka leo wazazi wanaosomesha nyumbani wanamfuata duniani kote. Bi Mason alisema masomo ya mtoto mdogo yawe mafupi, dakika 20 au chini yake. Mtoto asomewe mara moja tu, kisha asimulie mwenyewe kwa maneno yake. Na akae nje saa nyingi kila siku, atazame majani, wadudu na ndege. Maneno mazuri, yametulia. Nikauliza: mwenzetu alikuwa na watoto wangapi? Hakuolewa wala hakuzaa.

Nikaletewa wa pili, John Holt, Mmarekani. Huyu alikuwa mwalimu. Mwaka 1964 akatoa kitabu kuhusu namna watoto wanavyofeli, na 1977 akaanzisha jarida la wazazi wanaosomesha nyumbani. Yeye anasema mtoto asisukumwe. Aaminiwe. Ana hamu yake ya kujua, mwachie nafasi, atajifunza. Nikasoma na maisha yake. Naye hakuwa na mtoto. Mimi sina neno na marehemu. Ninachosema ni kwamba jua likizama, wanafunzi wa mabingwa hawa walirudi kwa mama zao.

Hata hivyo tukajaribu. Tukatoka nje kutazama ndege, kila mtoto na daftari lake. Bi Mason aliishi Ambleside, kaskazini ya Uingereza, kwenye maziwa na vilima na manyunyu. Sisi tulikuwa Kisauni, mwezi wa Februari, jua la utosi. Daftari la Mdogo ninalo hapa. Jumatatu: kunguru. Jumanne: kunguru wawili. Jumatano: kunguru amechukua hamri la dada. Nikageuza somo likawa historia: nikawaambia ndege hawa asili yao ni Bara Hindi, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kusafisha taka, na baadaye wakavuka kuja bara bila kuulizwa na mtu. Nikaongeza kwamba mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja.

"Nani atawahesabu?" akauliza Mdogo.

"Mtu aliyesoma."

"Basi mimi sisomi."

Na kama ni mabingwa, kwani sisi hatuna wa kwetu? Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa beti mia moja na ushei, akamwekea humo kila alichotaka ajue: namna ya kuishi na Mungu wake, na watu, na mume. Elimu ya nyumbani ndiyo hiyo, haina sare wala gari la saa kumi na moja na nusu. Nimeupitia utenzi mzima nikitafuta mahali binti anapoomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Hakuna. Ama mabinti wa wakati ule waliumbwa kwa udongo mwingine, ama mama mtu aliyaruka hayo kwa kuchunga vina. Namheshimu sana Mwana Kupona, lakini hapo namshuku kidogo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba pwani hii nzima imesomeshwa barazani. Kabla ya kengele ya kwanza ya shule kugongwa, watoto walikaa juu ya jamvi nyumbani kwa mwalimu wao, ubao wa mti mkononi, wanaanza alifu kwa ujiti. Bibi yake huyu jirani anayenitikisia kichwa alijua kusoma, na hakuwahi kuvaa sare siku hata moja. Leo mjukuu wake ananiona mimi ndiye kituko.

Naye hakuishia kutikisa kichwa, maana sidhani mzee wa mtaa alijileta mwenyewe. Alikuja na daftari kubwa chini ya kwapa. "Nimesikia hapa kuna watoto hawaendi shule." Nikamkaribisha kiti. Akanikumbusha kuwa Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Nikamwambia hiyo ya lazima naijua vizuri, ile ya bure ndiyo tangu zamani naitafuta. Hakucheka. Nikamletea madaftari. Akaisoma insha ya Mkubwa kuhusu umuhimu wa miti, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Akaifunga. Akakohoa. Akauliza kama msichana anaweza kumwandikia barua, ana madai yake ya mpaka wa kiwanja yamekwama mwaka wa pili. Mkubwa akamwandikia, na anwani akaiweka mahali pake. Mzee akanywa chai, akala mahamri yaliyosalimika na kunguru, akatia barua mfukoni. Mlangoni akageuka: "Subira, baba."

Wengine hawaji na katiba, wanakuja na huruma. "Lakini watachangamana vipi na watu?" Ndugu yangu, njoo uone. Muuza mabuyu anawajua kwa majina. Fundi wa baiskeli anawaachia pampu. Mama wa viazi karai anawatuma chenji, na dereva wa tuktuk huwauliza wao mume wa fulani amerudi au bado. Ninachotamani mimi ni wapungukiwe kidogo na kuchangamana, tumalize ukurasa.

Mjomba wa Lamu hofu yake ni umri. "Miaka saba, na bado anakwama kwenye kusoma? Wa kwetu huku..." Nikamkatiza. Nikamkumbusha Mzee Kimani Maruge. Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi mwaka 2003, mzee yule naye akaona zamu yake imefika, na Januari 2004 akaingia darasa la kwanza kule Eldoret, ana kaptura na soksi, umri miaka 84. "Mdogo ana miaka 77 ya kujipanga," nikamwambia mjomba. Akasema mtandao unakatika.

Saa zangu za kufasiri ni mchana, watoto wakienda chuoni kwa maalim kusoma Kurani. Siku moja Mkubwa alirudi na kisa cha Nabii Musa, alayhi salaam, alipomfuata Khidhri ili amfundishe. Akaambiwa mapema kwamba hataweza kustahimili. Akaahidi ataweza. Jahazi likatobolewa, akauliza. Kijana akauawa, akauliza. Ukuta wa watu wasiowakarimu ukajengwa bila ujira, akauliza tena, na safari yao ikaishia hapo. Mkubwa alilifikiria jambo hilo mpaka chakula cha usiku. "Baba, kwa hiyo hata Nabii Musa hakumaliza muhula?" Nikamwambia ale. Moyoni nilipata nafuu isiyo kifani. Maana kama mtume mwenye daraja ile alishindwa kunyamaza mbele ya kuta na majahazi, itakuwa mimi, mbele ya 52 kutoa 27?

Mwisho wa mwezi nikaenda mwenyewe kumpelekea maalim ada yake, nikaambiwa nikae kidogo. Kila mtoto pale anasoma sura yake, kwa sauti yake, wote kwa pamoja, na dirisha linaloelekea barabarani liko wazi. Maalim ameegemea ukuta, macho kayafumba, tasbihi inapita vidoleni. Nikajua mzee amelala. Nikaanza kuihesabu upya ile ada mfukoni. Mara, bila kufumbua jicho: "Wewe wa pembeni. Kasra hiyo, si fatha." Mtoto wa pembeni akarudia mstari wake, akausahihisha, na kelele zikaendelea. Karibu na magoti yangu alikuwapo mwingine aliyekwama pale pale alipokwama tangu nilipokaa. Anafika kwenye neno, anajikwaa, anarudi mwanzo. Anafika, anajikwaa, anarudi. Mimi nilishaanza kutokwa na jasho. Maalim wala.

"Maalim," nikamwambia, "hii subira unaitoa wapi?"

"Subira gani?"

"Ya kungoja mtoto ajue."

Akafumbua jicho moja. "Mwanangu, mimi simngoji mtoto ajue. Nikimngoja nitakufa. Mimi nangoja adhana ya alasiri. Kujua kwake kuna Mwenyewe." Akalifumba.

Nilirudi nyumbani polepole. Kumbe wale wagawaji wote walikuwa wananibebesha kitu kizima kisichobebeka: nisubiri mpaka mtoto aelewe, na huko kuelewa hakuna anayejua kuko mwaka gani. Maalim yeye ameipasua kazi vipande viwili. Kipande chake kina saa ya kuanza na saa ya kuisha. Anakaa, anasikiliza, anasahihisha, adhana ikilia anajifuta vumbi anaondoka. Kipande kingine si chake, kwa hiyo hakipeleki nyumbani kukilalia. Yule mzee wa Ijumaa na nusu yake pengine alikuwa na maana, ila pilau lilimwahi.

Sasa na mimi nina saa ukutani. Dakika 20 za Bi Mason zikitimia, tunafunga daftari, hata kama mbili bado inajaribu kutoa saba. Sigombi, sikunji uso, siulizi "jana si ulijua?" Nafunga tu. Mama watoto anasema nimekuwa mtulivu. Mimi nasema nimekuwa mwajiriwa.

Basi Jumamosi mama mkwe akaja kutoka Malindi. Huja na achari ya embe na mtoto wa jirani yake. Si kwamba humleta, humtaja. Mtoto huyo wa jirani ana umri wa Mdogo, na kwa maelezo ya mama mkwe anasoma gazeti, anajua majina ya marais na huongea Kiingereza hata na paka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na ubao, leso yake kiunoni, anaeleza namna mtoto wa jirani alivyopewa zawadi mbele ya shule nzima. Mimi naitikia "Naam, mama." Mdogo alikuwa amejilaza sakafuni karibu na miguu ya bibi yake, anafuatisha pindo la leso kwa kidole. Nikasikia kitu.

"U... si... usi... sa... fi..."

Nikaacha kuitikia.

"Usi-safi-ri-e... Usisafirie. Nyo... nyota. Ya... mwe..." Hapo akakwama. Akarudi mwanzo. Akafika, akajikwaa, akarudi. Mkubwa akafungua mdomo amsaidie, nikamkanyaga mguu. "Mwe... nzi... o. Mwenzio! Usisafirie nyota ya mwenzio." Akageuka, uso unameta. "Bibi, nyota ya mwenzio ndiyo yule mtoto wa jirani?"

Mama mkwe aliitazama leso yake kwa muda, akaliinua pindo, akasoma mwenyewe. "Hii nilipewa zawadi," akasema, bila kuulizwa. Akainywa chai yake. Kisha: "Kumbe anasoma." Nikafungua mdomo nishukuru. "Lakini yule wa jirani anasoma na Kiarabu."

Kilichoniumiza kichwa usiku ule si hicho. Ni kwamba sisi hatujafika kwenye "mwe". Ratiba yangu ninayo, nimeipiga mistari kwa rula: "mwe" iko mwezi ujao, pamoja na "nywa" na "ng'o". Sikumfundisha. Dada yake anaapa hakumfundisha. Ameipata wapi? Nimekaa na mtoto huyu meza moja asubuhi hadi adhuhuri, macho wazi, sikulipa hata senti moja ya kutoona, na jambo lenyewe lilipotokea sikuliona. Wazazi wa karo, basi, mmepunjwa: mnanunua kitu ambacho kumbe hutolewa bure.

Msidhani nimeridhika. Jumatatu Mdogo anaanza kugawanya, na Mkubwa anaingia kwenye sehemu: robo tatu ya nusu ya chungwa, jibu liwe katika hali yake ndogo kabisa. Chungwa la mfano nilishanunua, na limeshafikishwa katika hali yake ndogo kabisa, yaani maganda. Kwa hiyo aliye na subira ya ziada asinipe mlangoni wala kwenye simu. Aje nayo, aingie ndani, asimame mbele ya kabati. Chaki iko ndani ya kikombe kisicho na mkono. Akiulizwa niko wapi, aseme mwalimu ameomba ruhusa ya kwenda chooni.